Satei ya Kibuye

Mdogo wangu alirudi kutoka Malaysia na shahada ya uhandisi, suti ambayo hajaivaa tena tangu siku ile ya uwanja wa ndege, na lawama. Lawama yenyewe ni kwamba Kisumu yote hii, na njugu zinazouzwa kila kona ya stendi, huwezi kuingia nyumba ya mtu ukapata sosi ya njugu iliyopikwa ikapikika.

"Dada, njugu tunazo," alikuwa akisema, "ila tunazitafuna tu, kama mbuzi."

Maneno hayo yaliniuma kwa niaba ya kukhu, yaani bibi yetu. Mama yetu ni wa Butula, na kila likizo ya Agosti tulipelekwa huko, tukamkuta kukhu amepiga magoti mbele ya jiwe la kusagia, mikono inakwenda mbele na nyuma, njugu zilizokaangwa zinateremka upande wa pili zikiwa uji mzito wa kahawia unaong'aa mafuta. Uji huo uliingia kwenye mboga chungu ukaipunguza makali. Uliingia kwenye samaki mkavu. Ulipakwa juu ya viazi vitamu vilivyotoka jikoni sasa hivi, ukayeyuka kabla hujafikisha mkono mdomoni. Mtu aliyelelewa na jiwe lile hana ruhusa ya kusema tunatafuna kama mbuzi.

Lakini mdogo wangu alikuwa na kitu kingine kichwani, na ilinichukua miezi kukielewa.

Alikuwa akizungumzia satei. Miaka minne aliyokaa Malaysia, wikendi ikifika walikuwa wakipanda treni kwenda Kajang, mji ulio kusini kidogo mwa Kuala Lumpur, na ambao kwa watu wa huko jina lake na satei ni kama Kisumu na samaki. Unaagiza mishikaki kwa kumi kumi. Inakuja na vipande vya tango, kitunguu kibichi, na vijitofali vya wali uliochemshiwa ndani ya majani ya mnazi yaliyosukwa, unaoitwa ketupat. Na bakuli la kuah kacang, yaani mchuzi wa njugu. Alivyouelezea, una chengachenga unazozisikia kwenye meno, juu yake umeelea mafuta mekundu ya pilipili, na ukiuonja unaanza na utamu, halafu uchachu, halafu moto, halafu kitu kingine nyuma kabisa ambacho hakuweza kukitaja jina. "Kitu fulani hivi cha baharini," alisema, akasugua vidole kama anayehesabu pesa.

Krismasi ilikuwa inakaribia. Nikamwahidi nitaupika.

Sasa niseme ukweli kuhusu jaribio la kwanza. Nilifungua simu, nikapata maelekezo yaliyoahidi sosi ya satei kwa dakika tano: siagi ya karanga ya kopo, sosi ya soya, maji ya ndimu, maji ya moto, koroga, kula. Nikanunua kopo supamaketi. Nikatia vijiko vinne vikubwa kwenye sufuria, nikaanza kumimina maji kidogo kidogo. Badala ya kulainika, ikakaza! Kadiri nilivyokoroga ndivyo ilivyojikusanya kwenye mwiko, bonge moja la rangi ya udongo wa mfinyanzi, na pembeni mwa sufuria pakavu kabisa. Nilidhani nimeuziwa kitu kibovu.

Baadaye nilielewa kwamba kosa halikuwa la kopo. Njugu karibu nusu yake ni mafuta. Ukizisaga, chembe zake za protini na wanga zinaogelea ndani ya mafuta hayo, ndiyo maana siagi ya karanga inateleza. Maji machache yakiingia, chembe zinayanywa na kushikana, kama unga wa chapati ulioanza kutiwa maji. Dawa yake si kuacha, ni kuzidisha. Endelea kutia maji na kukoroga, ghafla bonge linafunguka, mafuta yanagawanyika vitone vidogo ndani ya maji, na unapata mchuzi. Mimi siku ile nilikata tamaa kijiko kimoja kabla ya hapo, nikapeleka mezani kitu cha kukatwa kwa kisu.

Na ladha ilikuwa ya mkate wa asubuhi uliomwagikiwa pilipili. Mdogo wangu alichovya mara moja, halafu akala mishikaki yake mikavu mpaka mwisho.

"Nyama iko sawa," alisema.

Aliyelelewa vizuri anajua maana ya sentensi hiyo.

Usiku nikakaa na lile kopo, nikasoma ubavuni: njugu, sukari, mafuta ya mimea yaliyogandishwa, chumvi. Hayo mafuta yaliyogandishwa huwekwa ili mafuta ya njugu yenyewe yasijitenge na kuelea juu, maana mnunuzi akiona mafuta yameelea anafikiri bidhaa imeharibika. Lakini sosi ya satei inataka hasa hicho kinachozuiwa. Inataka mafuta yatoke, yapande juu, yabebe rangi ya pilipili. Nilikuwa nimenunua njugu zilizofungwa pingu.

Basi Jumapili nikaenda soko la Kibuye.

Wasiokaa Kisumu wajue kwamba Kibuye Jumapili si mahali pa kwenda na kiatu kizuri. Nilipita kwenye mitumba, nikapita kwa mafundi wa vitanda, mpaka upande wa nafaka ambako magunia yamekunjuliwa midomo. Mama mmoja aliyekuwa akipepeta maharagwe aliniona nikiinama kwenye gunia la njugu.

"Unataka za kutafuna ama za kusaga?"

"Za kusaga, mama."

"Basi achana na hizo kubwa. Chukua hizi nyekundu, zimetoka Homa Bay. Ndogo lakini zina mafuta." Akaminya moja kati ya kucha mbili, akanionyesha kidole kinachong'aa. "Na ukifika nyumbani chambua kabla hujaweka motoni. Usione uvivu."

Nilichukua nusu gorogoro, lile kopo la kupimia nafaka. Njiani nikawa nafikiria hilo neno, njugu. Sisi Wakenya tukisema njugu tunamaanisha hizi, lakini jina si lake. Njugu ya asili ya Afrika ni njugu mawe, ile ya mviringo, ngumu, inayochemshwa na mahindi. Hii nyingine ilitoka Amerika Kusini, Wareno wakaieneza Afrika na Asia kuanzia karne ya 16, ikafika kwetu ikapewa jina la kuazima: njugu nyasa. Kisha mgeni akamfukuza mwenyeji kwenye jina, na leo mwenye nyumba ndiye anayehitaji kuongezewa "mawe" ili atambulike. Watanzania waliepuka mgogoro huu kwa kusema karanga.

Kuhusu kuchambua, yule mama alikuwa na haki kuliko pengine alivyojua. Njugu zikivunwa zikakauka vibaya, au zikahifadhiwa penye unyevu, zinaota kuvu ambayo hutoa sumu. Sumukuvu, au aflatoksini kama wanavyoita redioni. Iligunduliwa kwa njia ya ajabu: mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza, na uchunguzi ukaishia kwenye mashudu ya karanga waliyokuwa wakilishwa. Hapa Kenya hatuhitaji kusimuliwa habari za bata. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo hiyo yaliua watu 125 kati ya wagonjwa 317 waliorekodiwa, wengi wao Makueni na Kitui. Mwaka 2019 shirika la viwango, KEBS, lilisimamisha chapa kadhaa za siagi ya karanga madukani kwa sababu hiyo. Na kukaanga hakuiondoi. Inapungua, haiishi. Kwa hiyo nilimwaga njugu kwenye ungo, nikakaa mlangoni penye mwanga, nikatoa kila iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyovunjika, yenye vumbi la kijani au jeusi. Moja iliyonitia shaka niliipasua: katikati palikuwa na utando wa kijivu. Nilipomaliza nilikuwa nimetupa konzi mbili, na hata kuku wa jirani sikuwapa. Tangu siku hiyo njugu zenye harufu ya stoo sizinunui hata kama ni za bure.

Kukaanga ndiko kunakotaka mtu. Nasema hivi kwa sababu mkupuo wa kwanza niliuunguza nikiwa kwenye simu, na njugu iliyoungua haina wakili. Sukari haiisaidii, tui haliisaidii, uchungu unabaki pale pale mpaka sahani ioshwe. Mara ya pili nilizima simu. Nikaweka karai kwenye jiko la makaa yaliyoanza kuvaa jivu, nikamimina njugu, nikakoroga. Dakika kumi za kwanza hakuna kinachotokea, unaweza kudhani jiko limezimika. Halafu inakuja harufu ya maharagwe mabichi. Kisha zinaanza kulia, pa, pa, ngozi nyekundu inapasuka na kuruka. Hapo ndipo harufu inapogeuka, jirani wa juu anafungua dirisha. Chukua moja, ipasue: ikiwa ndani ni nyeupe, bado; ikiwa ni rangi ya chai ya maziwa iliyokolea, mwaga zote kwenye sinia upesi, usiziache kwenye karai maana chuma kitaendelea kuzipika hata ukiwa umeshateremsha. Kwangu ilichukua dakika ishirini na kitu. Zikipoa kidogo zisugue kwa viganja, zipeleke nje, zipepete, ngozi zitaondoka na upepo. Usifanye hivyo ukiwa umetoka kufagia.

Kisha kusaga. Kibuye kuna mashine za kusaga njugu, na ni za haraka, lakini sizipendi kwa kazi hii. Zinalainisha mno, na siku moja unga wangu ulitoka na harufu ya kitu nisichokinunua, cha mteja aliyenitangulia. Blenda inafaa ukiibonyeza kwa mshtuko, bonyeza acha, bonyeza acha. Mimi natumia kinu. Robo tatu natwanga nikaziacha chengachenga, kama mchele uliovunjika. Robo iliyobaki natwanga mpaka ziwe zile za kukhu. Kwenye kinu unaona kitu ambacho blenda inakificha: njugu kwanza zinakuwa unga, mkavu kabisa, unaruka. Unaendelea, mkono unachoka. Halafu unga unaanza kulowa peke yake, bila tone la kitu chochote kutiwa, unashika mchi, na ukiuvuta mchi juu unakuja na sauti ya kubanduka. Mafuta yametoka. Mchanganyiko huo wa laini na chenga ndio unaoipa sosi mwili.

Nilipofika kwenye viungo ndipo nilipopata mshangao. Orodha ya Kimalei ilikuwa inanitisha: sukari ya mnazi iliyogandishwa, mzizi wa galangali, mchaichai, ukwaju, unga wa kamba waliovundikwa. Nilidhani nitahitaji mtu anayesafiri. Halafu nikaanza kuipitia moja moja.

Ukwaju uko. Kwa Wajaluo unaitwa chwa, na kuna bibi wengi Nyanza ambao bado wanauchachushia uji. Mchaichai umeota nyuma ya nyumba yangu, tunautia kwenye chai, na hujawahi kuniambia kwamba ni kiungo cha mchuzi. Galangali sikuipata, nikatumia tangawizi na kipande cha ganda la limau, na sitajidai kwamba ni sawa. Lakini ile sukari ya Kimalei, ile ya kahawia inayouzwa kwa mabonge, yenye ladha ya moshi na asali nzito? Mtu wa magharibi mwa Kenya anaulizaje sukari hiyo inapatikana wapi? Ni sukari nguru! Imetengenezwa kwa miwa badala ya utomvu wa mnazi, ni kweli, lakini inachemshwa kwenye masufuria makubwa vile vile, inagandishwa vile vile, na viwanda vyake vidogo viko kuanzia Malava mpaka njia ya Muhoroni. Tumeizoea kuisikia ikitajwa pamoja na polisi na chang'aa mpaka tumesahau kwamba ni chakula. Nilikwangua bonge kwa kisu, nikaonja, nikajua hapa siibi, hapa nalipa pesa yangu kamili.

Kikabaki kile "kitu cha baharini". Wamalei wanakiita belacan, Waindonesia terasi: uduvi waliotiwa chumvi, wakavunda, wakasagwa, wakakaushwa. Kabla ya kutumia huchomwa kidogo, na nyumba nzima inanuka mpaka mtu anauliza nani amekufa. Nilikuwa nimesimama jikoni nikisoma habari hizo, na juu ya kabati, mbele ya macho yangu, kulikuwa na mfuko wa omena, wale dagaa wa ziwa letu.

Nilichagua kumi na tano hivi, nikang'oa vichwa na matumbo ili uchungu utoke, nikazikausha kwenye kikaango bila mafuta mpaka zikawa zinavunjika kwa mlio, nikazitwanga unga. Kijiko kimoja cha chai, si zaidi. Sikumwambia mtu.

Sasa upishi wenyewe, kwa vikombe viwili vya njugu. Vitunguu vidogo vyekundu sita, punje nne za saumu, pilipili kavu nane zilizolowekwa maji ya moto na kutolewa mbegu (watoto wakiwa mezani tia nne), tangawizi ya kidole gumba, mashina mawili ya mchaichai, ile sehemu nyeupe ya chini tu, kijiko cha chai cha dania kavu, nusu ya binzari nyembamba, na manjano kidogo. Vyote visagwe viwe uji. Kwenye sufuria tia mafuta mengi kuliko unavyotaka kukubali, robo kikombe, uji uingie, na moto uwe wa wastani.

Hapa ndipo watu wanapokosea, na hapa ndipo maelekezo ya dakika tano yanapodanganya. Uji huo lazima ukaangwe mpaka mafuta yajitenge. Utaona kwanza unachemka kama uji wowote, unatoa mvuke, unarusha matone. Unanuka kitunguu kibichi. Usiondoke. Maji yakikauka unaanza kunyamaza, rangi inahama kutoka nyekundu ya nyanya kwenda nyekundu ya matofali, na kingo za sufuria zinapata ukanda wa mafuta mekundu. Ukiusogeza kwa mwiko unateleza wote kwa pamoja na kuacha njia. Hiyo ni robo saa, wakati mwingine zaidi. Waswahili wa pwani wanajua jambo hili kwenye pilau na kwenye mchuzi wa papa. Kuah kacang haina siri nyingine.

Unga wa omena uingie, ugeuze mara mbili. Kisha tui la nazi moja, njugu zote, ukwaju wa kiasi cha yai uliolowekwa na kukamuliwa, vijiko vitatu vya sukari nguru iliyokwanguliwa, chumvi. Itakuwa nyepesi, usiogope. Iache ichemke taratibu nusu saa huku unakoroga chini, maana njugu hupenda kushika sufuria. Inakuwa nzito yenyewe, na mwishoni, kama ulifanya haki kwa kila hatua, mafuta mekundu yanapanda juu na kukaa pale kama madimbwi baada ya mvua. Onja, ongeza uchachu. Kila mara mimi naongeza uchachu.

Nazi, niseme kwa kupita, Kisumu si rahisi kama Mombasa. Zinakuja na mabasi na nyingine zimeshachoka. Itikise usikie maji, na kama mwenye duka hataki uitikise, nenda kwa mwingine.

Si kila nchi inatia tui. Sate nyingi za Java hazina, wanatumia sosi ya soya nzito tamu inayoitwa kecap manis. Watu wa Thailand tui ni lazima. Waholanzi, ambao waliwahi kuitawala Indonesia, nchi iliyojitangazia uhuru mwaka 1945, walirudi kwao na sosi hii na kuimwaga juu ya chipsi, pamoja na mayonesi na kitunguu, wakaita chakula hicho "chipsi za vita". Na vibarua Wajava waliosafirishwa kwenda Suriname kuanzia mwaka 1890 wakaipeleka Amerika Kusini, bara lile lile njugu ilikotoka. Imezunguka dunia na kurudi nyumbani ikiwa imepikwa.

Mishikaki ya satei haifanani na yetu ya barabarani. Nyama inakatwa nyembamba, vipande vidogo, na kulazwa usiku kwenye manjano, dania, mchaichai na sukari, si kwenye papai na saumu. Paja la kuku, usitumie kifua. Vijiti vya mwanzi viloweke saa moja visiungue, au ufanye kama wauza mishikaki wa zamani, spoku za baiskeli, ukizichemsha kwanza. Kuna ujanja nimeupenda kuliko yote: shina la mchaichai linapondwa ncha moja mpaka linakuwa kama brashi, unalichovya kwenye mafuta na kuipaka nyama ikiwa kwenye makaa. Mafuta yakidondoka, moshi unapanda na harufu ya chai ya jioni.

Krismasi ile tulikaa nje, Migosi, stima imekatika kama kawaida ya sikukuu, jiko peke yake ndilo lililokuwa na mwanga. Mdogo wangu alichukua kijiti, akachovya, akala. Akachovya tena, safari hii akakusanya chenga chini ya bakuli. Akanyamaza. Mtu huyu ninamjua tangu akiwa na meno mawili, na hanyamazi.

"Dada," alisema mwishowe, "belacan umeipata wapi?"

"Kibuye."

"Kibuye kuna belacan?"

"Inauzwa kwa gorogoro."

Alifikiri kwa muda. Nilimwona akigeuka kuangalia ndani, juu ya kabati, halafu akanitazama mimi, halafu akacheka mpaka akakohoa. Kwa haki yake, hakusema ni sawa sawa na ya Kajang. Alisema ya Kajang ni tamu zaidi na hii ina "ziwa". Nikamwambia ziwa ndilo tulilo nalo.

Tangu hapo nimeitumia kwa vitu vingi, vingine kwa majuto. Tambi, hapana. Ngege wa kukaanga mzima, hapana kabisa, ni kumvunjia samaki heshima, yeye anataka ndimu na chumvi na kuachwa. Minofu ya mbuta iliyochomwa inaibeba vizuri, kwa sababu haina mengi ya kusema yenyewe. Mihogo ya kuchemsha, ndiyo. Viazi vitamu, ndiyo mara mbili. Na kuna ile sahani ya Waindonesia, gado-gado, mboga zilizochemshwa kidogo na mayai na viazi, sosi ikamwagwa juu. Niliijaribu kwa kabeji na maharagwe mabichi kama walivyosema, ikawa nzuri. Kisha nikaijaribu kwa osuga, ile managu yenyewe, iliyochemshwa ikakamuliwa maji. Uchungu wa osuga ukakutana na sukari nguru na njugu, na mimi nikawa tena Butula, nimekaa kwenye kigoda, nasubiri kukhu amalize.

Kabla hujawapa wageni waulize, kwa sababu wapo ambao njugu inawafunga koo, na mtoto anaweza asijue mpaka aonje. Na ikibaki, kwenye friji inakaa siku tatu au nne, itakuwa ngumu kama matope ya kiangazi. Usiipashe kavu. Tia maji ya moto kidogo kidogo, itakaza kwanza, nawe sasa unajua usikate tamaa.

Ile ya Krismasi haikufika kwenye friji. Asubuhi ya tarehe 26 niliamka mapema nikaoshe vyombo, nikamkuta mdogo wangu amekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, sufuria katikati ya magoti, anapitisha kiporo cha ugali kwenye kingo ambako sosi ilikuwa imekauka. Aliposikia mlango akasogea kunipisha nafasi, akanimegea nusu ya ugali.

"Chini kuna iliyoshika," alisema. "Hiyo ndiyo bora."